Sindano ya Tumbo Tupu

Caren alikutwa amelala kifudifudi juu ya nyavu za kuanikia dagaa wa omena, uji wa mama mkwe wake umemwagika kando yake. Sufuria ndogo ilikuwa bado mkononi.

Jirani aliyemkuta alidhani amesinzia. Alipomgeuza aliona nguo zimelowa jasho chapachapa na macho yamekwenda juu. Wakampakia kwenye pikipiki, wakavuka daraja la Rusinga mbio mbio kwenda hospitalini Mbita. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Chumbani kwake, juu ya stuli, polisi walikuta bomba dogo la sindano lenye kifuniko cha rangi ya chungwa na kichupa kilichobandikwa karatasi ya waridi. Karatasi iliandikwa: Nyepesi Plus. Huyeyusha mafuta usiku na mchana.

Basi kisiwa kizima cha Rusinga kikapata jibu kabla polisi hawajapata swali. Sindano ya kukonda imemuua mke wa Walter! Habari zikafika Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako Walter alikuwa mnunuzi. Vijana wake wakapanda pikipiki hadi Migori mjini, wakaivunja saluni ya Benta, muuzaji wa dawa hiyo, wasiache hata kioo kimoja. Benta alitokea mlango wa nyuma, akakimbilia kituo cha polisi akiwa bado ameshika kitana.

"Kesi imejileta yenyewe," alisema Sajenti Gisiri. "Hata viatu hatutachafua."

Inspekta Trizah Maranga alikuwa akimenya njugu.

Gisiri alimjua. Walikuwa wamefanya kazi pamoja katika upelelezi wa Homa Bay kwa muda wa kutosha, na akipewa njugu zake inspekta huyu hakuwa mtu wa kuharakishwa. Yeye alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mrefu na mwembamba kama mti wa bendera. Inspekta alikuwa Mluo wa Migori, mnene, tena mnene wa kujivunia, asiyepita mahali bila kiti kulalamika. Wenzao ofisini waliwaita Kumi, yaani moja na sifuri. Gisiri aliuchukia utani huo, lakini Maranga aliucheka hadi akatoa machozi.

"Mkuu anataka Benta asimame kortini Jumatatu," Gisiri akaongeza. "Kosa la mauaji."

"Leo ni Alhamisi," alisema Maranga. "Tuna nafasi ya kuchafua viatu."

*

Walimkuta Benta katika chumba cha mahojiano, kituo cha Migori. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini hivi, nywele zimesukwa nusu, nusu nyingine zimesimama. Alipomwona Maranga akiingia, macho yake yalimpima kutoka juu hadi chini kwa mazoea ya biashara. Gisiri aliliona jambo hilo na nusura aangue kicheko.

"Ungenipunguza kwa muda gani?" Maranga aliuliza, akiketi.

"Samahani, madam."

"Jibu tu."

"Miezi mitatu," alisema Benta kwa sauti ndogo.

"Kwa dawa hii?"

"Kwa hiyo."

"Ni dawa gani?"

"Ni peptaidi, madam. Kipande kidogo cha homoni. Iko na utafiti. Wazungu waliifanyia utafiti."

"Uliusoma utafiti huo?"

"Aliyeniletea kutoka Nairobi ndiye aliniambia."

"Wewe mwenyewe unaidunga?"

"Mwaka mzima sasa."

Maranga akamtazama. Benta hakuwa mwembamba. Kiti chake pia kilikuwa na malalamiko yake.

"Na umepungua?"

Benta alitazama meza.

"Mteja gani alipungua?"

"Caren."

"Mwingine?"

"Wengine hawafuati masharti, madam. Mtu anadunga, halafu anaenda kula chipsi."

"Masharti gani?"

"Unadunga asubuhi tumbo likiwa tupu. Huli mpaka saa sita. Usiku hakuna ugali. Soda hakuna. Na utembee."

"Caren aliyafuata?"

"Yote. Alikuwa anabeba omena kutoka Mbita mpaka soko la Masara kila wiki, na siku zingine alishuka kwenye gari njiani akamalizia kwa miguu. Alikuwa na roho ngumu, yule." Machozi yakaanza kumdondoka. "Mimi siuzi sumu, madam. Wallahi siuzi sumu. Picha yake ndiyo nilikuwa nimebandika ukutani, ya kabla na ya baada. Ndiyo ilikuwa inaniletea watu."

Walipotoka nje, Gisiri alisema mama huyo analia kama mwenye hatia. Maranga alisimama kando ya gari, akatafuta njugu mfukoni, akakosa.

"Baba yangu alinunua dhahabu Masara," alisema. "Hakuwahi kununua kwa mizani moja. Mchimbaji alikuja na yake, na yeye alikuwa na yake. Unga ule ule wa dhahabu ukapimwa huku, ukapimwa kule. Mizani zikipishana, hakuna biashara, mnakaa chini mpaka mjue ni ipi inayodanganya."

"Sasa?"

"Sasa tumepima kwa mizani ya Benta. Twende kwa Daktari Okari."

*

Daktari Okari ndiye aliyeupasua mwili wa Caren katika mochari ya Homa Bay. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakutaja jambo asiloweza kulitetea kortini, na kwa hilo Gisiri alimheshimu.

"Hana jeraha," alisema Okari. "Moyo mzima, ini zima. Alama za sindano tumboni, nyingi, za siku nyingi."

"Kilichomuua?"

"Sukari ya damu. Ilishuka mno. Alipofika Mbita mashine iliipima ikashindwa hata kuisoma. Walimpa glukosi, lakini ubongo ulikuwa umeshakaa na njaa muda mrefu. Bahati nzuri walihifadhi ile damu ya kwanza. Nimeipeleka kwa mkemia wa serikali Kisumu pamoja na kichupa."

"Alikuwa na kisukari?"

"Hakuwa nacho."

"Kufunga kula kungeweza kuishusha hivyo?"

"Mtu mzima mwenye afya? Hapana. Angechoka tu."

Maranga akavuta kiti. "Sasa nifundishe hii peptaidi. Polepole, kama unamfundisha sajenti wangu."

Gisiri akakohoa. Okari hakucheka, lakini midomo ilimchezacheza.

"Nimesoma kila nilichokipata. Ni kipande cha homoni inayokuza mwili. Walikidunga panya wanene, panya wakapungua. Hapo ndipo wauzaji wanapoishia kusoma."

"Na watu?"

"Watu waligawanywa. Wengine wakapewa dawa, wengine kitu kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Mwishowe tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutoleta maana. Waliokuwa wakiitengeneza kwa ajili ya unene wakaiacha."

"Kwa hiyo haikondeshi."

"Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inakondesha watu."

"Inaua?"

"Katika utafiti niliousoma, haikuua. Wala haikushusha sukari." Okari akainua kidole. "Lakini hiyo ni ile iliyotengenezwa katika maabara inayojulikana. Ya kichupa cha saluni, mimi siwezi kuiapia. Humo ndani mtu anaweza kuwa ametia chochote."

Walipofika stendi Maranga alinunua njugu dirishani mwa gari. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Caren alikonda. Caren akafa. Kila mtu anasema ni kitu kimoja kilichofanya yote mawili. Benta anasema dawa ilimkondesha, Walter anasema dawa ilimuua. Mimi naona dawa haikufanya hili wala lile."

"Basi nani alimkondesha?"

"Yeye mwenyewe. Sikia masharti yale, Sajenti. Ugali wa usiku hakuna, soda hakuna, kutembea na mzigo kila wiki. Hata wewe ukifuata hayo utapeperuka." Akatabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa na heshima ndani yake. "Kazi yote aliifanya mwanamke yule kwa roho yake, na sifa zote zikaenda kwa kichupa."

Gisiri hakuwa amewahi kumwona Caren akiwa hai. Hata hivyo, aliona huruma kwamba marehemu hakupata kulisikia neno hilo.

*

Majibu ya mkemia yalikuja Ijumaa mchana. Vichupa vilivyochukuliwa saluni kwa Benta, ambavyo havijafunguliwa, vilikuwa na chembe za peptaidi na unga wa kujazia tu. Vikitiwa maji vilibaki angavu. Kichupa cha Caren kilikuwa na insulini, dawa ya kushusha sukari, nayo ilikuwa nyeupe. Damu yake pia.

Mkuu alipiga simu papo hapo. Sauti yake ilijaa gari zima.

"Insulini! Na zile bomba za sindano anazouza si ni za insulini? Amechanganya huyo. Jumatatu, Maranga."

"Afande, naomba nimwone mara moja tena."

"Umwone, kisha umshtaki."

Gisiri alihisi ameshinda, na alikuwa na haki ya kuhisi hivyo. Alianza kulisema wazo hilo, lakini Maranga akamkatiza.

"Niambie jambo moja. Wewe ni Benta. Una wateja ambao hawakondi, na wewe mwenyewe hukondi. Mtu mmoja tu amekonda, na picha yake iko ukutani inakulisha. Utamuua huyo?"

Gisiri alilielekeza gari Migori.

Safari hii Benta alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, macho yamevimba. Maranga hakuketi ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akaketi upande wake, wakawa bega kwa bega.

"Kuna kitu hukuniambia jana," alisema.

"Nimesema yote."

"Asubuhi ile alipojidunga. Alikupigia simu?"

Benta alifumba macho.

"Alinipigia," alisema hatimaye.

"Alisema nini?"

"Alisema dawa imegeuka. Imekuwa nyeupe, kama maji ya kuoshea mchele."

"Siku za nyuma ilikuwaje?"

"Safi kama maji. Kichupa hicho alikuwa ameshakitumia wiki nzima."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia atingize, adunge." Akakunja vidole kama aliyeshika nywele. "Nilikuwa nasuka mtu. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi."

"Ulijua kwa nini imegeuka?"

"Sikujua."

"Lakini ulimjibu."

"Madam, mteja akikuuliza, ukisema hujui, anaenda kwa mwingine."

Maranga aliinuka taratibu. Gisiri alitarajia amkaripie, kwa maana yeye mwenyewe alitamani kumkaripia. Lakini inspekta alimwekea mkono begani, akautoa, akaenda.

"Unamwamini?" Gisiri aliuliza nje.

"Mtu akitunga uongo hutunga wa kumwokoa. Huu unamzamisha. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua." Alifungua mlango wa gari. "Kichupa kilikuwa safi wiki nzima, kikageuka siku moja, na kwa wiki hiyo yote kilikuwa Rusinga. Benta hakufika Rusinga. Na Walter?"

"Hakutoka Masara. Polisi wa huku wameshahakikisha, machimbo yote yalimwona."

"Basi twende nyumbani kwa marehemu."

*

Walifika Jumamosi alasiri. Bomani palikuwa na hema, viti vya plastiki, na wanawake wakichambua mchele. Mwili ungeletwa juma lililofuata. Walter alisimama langoni, kijana mkubwa mwenye macho mekundu, akawapa mkono.

"Mwenye saluni umeshamshtaki?" aliuliza.

"Bado."

"Mnangoja nini? Tuje tuwasaidie?"

"Ningoje mpaka jioni, Walter," alisema Maranga. "Jioni nitakupa jina."

Gisiri alishtuka. Inspekta huyu hakuwa mtu wa ahadi.

Walipokuwa wakivuka uwanja, mmoja wa wanawake waliokuwa wakichambua mchele alimvuta Gisiri kando. Ndiye jirani aliyemkuta Caren. Alimnong'oneza kwamba watu wanasema sindano, lakini yeye alikuwa ameanza kuogopa zamani.

"Alikuwa ameisha, afande. Watu walishaanza kusema ni chira."

"Chira ni nini?"

"We si wa huku, eh? Mtu akivunja mwiko wa boma, anakonda. Anakonda, anakonda, mpaka anaisha. Na aibu si yake peke yake, ni ya nyumba yote. Mama Leonida alikuwa hata haendi kanisani tena, kwa sababu ya vile walikuwa wanamwangalia."

Mama Leonida alikuwa nyumbani kwake, ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Alikuwa mama mkwe wa marehemu, mjane, mnene na mzuri wa uso hata katika msiba. Alipomwona Maranga alifurahi waziwazi.

"Karibu, nyara," alisema. Yaani binti yangu. "Wewe umetunzwa. Mtu akikuona anajua kwenu kuna chakula. Keti, keti. Huyu wako mbona amekonda hivi? Mpeni maji kwanza, halafu atakula."

Gisiri alichotewa maji kutoka chungu kikubwa kilichokuwa pembeni. Yalikuwa baridi kuliko ya friji. Kando ya chungu hicho kulikuwa na kingine, kidogo, kimejaa mchanga uliolowa, na katika mchanga shingo ya kichupa kimoja ilichungulia. Karibu nayo palikuwa na shimo dogo tupu, la ukubwa ule ule.

Maranga alikuwa ameshakiona.

"Mama, pole sana."

"Ameniacha. Chi wuoda, mke wa mwanangu. Wengine wanapewa mke wa mwana, mimi nilipewa mwana. Kila asubuhi hawezi kuonja kitu kabla hajaniletea uji."

"Chungu hiki kidogo ni cha nini, mama?"

"Cha dawa yangu ya sukari. Nesi alisema kama huna friji, tia mchanga, tia maji, weka hapo. Inakaa vizuri."

"Na dawa ya Caren?"

"Ilikaa hapo pia. Alisema yake nayo inataka baridi."

"Yako ina rangi gani?"

"Nyeupe. Unaizungusha kwanza kwa mkono, hivi."

Mikono ya mama ilizungusha kichupa kisichokuwepo. Gisiri alimtazama inspekta, akitazamia swali la kumkamata mtu, lakini Maranga alijisogeza tu mkekani, akakaa kama mgeni aliyekuja kulala.

"Ulikuwa mnene hivi tangu usichana?"

Mama Leonida karibu acheke. "Mimi? Nilikuwa fito. Huo ugonjwa wa sukari ulinila mpaka watu wakanizika kabla sijafa. Halafu daktari akanipa hii ya kudunga. Nyara, nilirudi! Nguo zote zilinibana. Kanisani walisimama kuniangalia. Hakuna dawa ya kunenepesha kama hii."

"Na Caren ukimwona anakonda?"

Uso ukabadilika. Kwa muda alichezea ncha ya leso.

"Uliwahi kusikia watu wakimzika mtoto wako kwa midomo? Sokoni, kisimani. Walisema ameleta chira nyumbani kwangu. Walisema ile ugonjwa nyingine. Nilimwambia, mama, acha kitu hicho. Akacheka. Akaniambia, mama, sasa naweza kupanda mlima bila kusimama. Alikuwa na furaha, na mimi nikiona mifupa ya shingo yake silali."

"Ukafanya nini?"

Alijibu bila kusita, na kama angesita, Gisiri angevumilia kwa urahisi zaidi.

"Nilimsaidia. Jioni ile alipokuwa ziwani kununua omena, nilichukua kichupa chake. Nilivuta ile yake yote kwa sindano, nikaimwaga nje. Nikavuta yangu, nikajaza mle. Nikarudisha kwa mchanga. Nilisema, atadunga bila kujua, atanenepa polepole, na midomo ya watu itafunga." Machozi yalianza kumtiririka, na hakuyafuta. "Lakini nilichelewa, nyara. Ile sumu ilikuwa imeshamla ndani. Asubuhi yake tu ikamwangusha. Ningeanza wiki moja mbele angepona. Hilo ndilo linaniua. Nilichelewa."

Nje wanawake waliendelea kuchambua mchele, mmoja akicheka chinichini. Sajenti Gisiri alikuwa amewakamata wezi wa ng'ombe waliomrushia mishale, na hakuwahi kutamani kuwa mahali pengine kama alivyotamani wakati huo. Alimwomba Mungu inspekta anyamaze. Wainuke, washukuru kwa maji, waende zao. Mama huyu afe na huzuni aliyonayo, asiongezewe.

Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na katika seli ya Migori kulikuwa na mwanamke mwenye nywele nusu.

Maranga aliijua hesabu hiyo kuliko yeye. Alisogea hadi magoti yao yakagusana. Aliichukua mikono ya yule mama, yote miwili, akaanza kusema kwa Kidholuo, sauti ya chini, bila haraka. Gisiri hakukielewa Kidholuo. Alimwona tu mama akitikisa kichwa kuitikia, kama mtu anayefundishwa njia. Kisha kichwa kikaacha kutikisika. Mama akauliza neno moja. Maranga akajibu neno moja. Hakuiachia mikono ile.

Mama Leonida alikitazama chungu kidogo. Alikitazama sana. Kisha akamgeukia Gisiri, akasema kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa, "Afande, pingu iko wapi?"

Pingu zilikuwa kiunoni mwake, zinaonekana. Gisiri akazifunika kwa koti.

"Nimezisahau kwenye gari, mama," alisema.

*

Maranga alipiga simu akiwa uwanjani. Gisiri alisimama karibu, akasikia upande mmoja tu.

"Afande, Benta hashtakiwi kwa mauaji… Atashtakiwa kwa kuuza dawa isiyosajiliwa, na kwa hilo nitamfuata mpaka mwisho… Ndiyo, alimwambia adunge tumbo tupu, alimwambia atingize. Ayajibu hayo. Ya mwingine asiyajibu… Ni ajali, afande. Nitaandika maelezo, faili liende kwa mwendesha mashtaka aamue kama ni la uchunguzi wa kifo. Mama haendi popote… Nimesema nitajibu mimi mwenyewe."

Alikata simu, akabaki ameishika. Kwa mara ya kwanza Gisiri alimwona amechoka.

"Ningekuwa mimi, ningenyamaza," alimwambia. Hakuona haya kulisema.

"Najua."

"Ungeweza kumwacha bila kujua."

"Na Benta je? Na mwaka ujao, jirani akimwona binti yake anakonda, mama huyu amwambie dawa ya kunenepesha ni ipi?" Alifuta uso kwa kiganja. "Bado nina deni la jina."

Hakulilipa deni hilo kwa maneno. Walter alikuwa amesimama nje ya dirisha la mama yake tangu mwanzo, bega ukutani, na yeye Kidholuo alikielewa chote. Alikuwa ameteleza hadi chini. Maranga alimpita, akamgusa kichwa, akaingia ndani. Gisiri akamfuata.

Jua lilikuwa linaelekea ziwani, na ilikuwa saa ya Mama Leonida kujidunga. Kichupa kilikuwa mkekani mbele yake, na bomba la sindano limelala kando.

"Sitashika tena kitu hiki," alisema. "Kiniue kwa kukikosa. Ni haki."

"Mama," alisema Maranga.

"Usiniambie kitu, nyara. Umeshaniambia."

Maranga alikuwa amefika mwisho wa kazi yake, na jambo hili halikuwa la polisi. Gisiri alilitambua hilo kwa jinsi mabega yake makubwa yalivyoshuka.

Ndipo Walter alipoingia. Hakumtazama mtu. Aliwapita wote, akainama chini ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mwanamume wa boma lile hakuwa na desturi ya kukanyaga, na wanawake waliokuwamo wakampisha. Alirudi na sahani ya ugali na samaki, mkono wake mwingine umeungua kidogo kwa sufuria. Akapiga magoti mkekani.

"Vijana wangu walivunja saluni ya mtu kwa ajili yangu," alisema. "Nilisema atakayekutwa amemuua nitammaliza kwa mkono huu." Akautazama mkono. "Mama, nimeshazika mmoja kabla hata hajaletwa. Usinipe wa pili."

Alikiokota kichupa. Akakizungusha kati ya viganja vyake polepole, kama alivyomwona mama yake akifanya miaka yote, hadi kikawa cheupe chote sawasawa.

Mama Leonida alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akainua leso kidogo pembeni mwa tumbo, akageuza uso ukutani.

"Si kwa tumbo tupu," alisema Maranga. "Chakula kiwe karibu."

"Kiko hapa," alisema Walter.

Akamdunga. Kisha akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akamlisha mama yake kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, na mama akala huku analia. Inspekta na sajenti wakaketi nao mkekani hadi sahani ikaisha.